Ukubwa wa diski ya kupasuka kwenye mfumo wa mvuke: njia tatu za kukokotoa, na bomba linaloamua utumie ipi

Katika kiwanda kimoja kidogo cha kusindika matunda, pembeni mwa jiji la Arusha, nilifungua flanji mbili juu ya sufuria la koti la mvuke (sufuria lenye kuta mbili, mvuke ukipita katikati yake) nikitegemea kukuta diski ya kupasuka. Nilikuta kipande cha chuma cha milimita mbili, kimekatwa duara kwa gesi na kuwekewa gasketi safi pande zote mbili. Kijana anayesimamia boila hakunificha kitu. "Mzee, ile diski ilipasuka mara tatu ndani ya mwezi mmoja. Ikipasuka tunakaa siku nne tukisubiri nyingine itoke Dar, na maembe yanaoza. Tukaambiwa tuzibe tu."

Nilimwambia afunge mvuke wa sufuria lile hadi tumalize kazi, na tukakaa na karatasi na kikokotoo. Mwongozo huu umetokana na hesabu ile. Nimeuandika kwa ajili ya mafundi sanifu, wahandisi vijana na wenye viwanda vidogo wa huku kwetu Arusha na Moshi, wanaotumia boila za kuni, dizeli au maganda ya kahawa kupikia, kukaushia au kuua vijidudu. Tutalifuata sufuria lilelile kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwa sababu hesabu ya diski haieleweki ukiitenga na chombo na bomba lake.

Kwanza tukubaliane tunazungumzia nini. Diski ya kupasuka ni kisahani chembamba cha chuma, au cha grafiti, kinachobanwa kati ya vishikizo viwili kwenye flanji. Presha ikifika kiwango kilichoandikwa kwenye kibao chake, inapasuka na kuacha njia wazi. Haina springi, haifungi tena, na ikishapasuka kazi yake imekwisha. Ndiyo maana boila yenyewe ilindwe na vali ya usalama, ambayo hufunguka, humwaga kiasi kinachotakiwa na kufunga. Ukiilinda boila kwa diski peke yake, siku inapopasuka itamwaga mvuke wote, na maji ya moto yatachemka kwa fujo kadiri presha inavyoshuka. Diski ina nafasi yake kwenye vyombo vinavyotumia mvuke: masufuria ya koti, vibadilisha joto, matangi ya kondenseti, vyombo vya kuulia vijidudu. Pia inafaa chini ya vali ya usalama, kuilinda isiguswe na uchafu.

Hatua ya kwanza: mvuke kiasi gani unaweza kuingia?

Wengi huruka hatua hii. Wanapima tundu lililopo kwenye chombo, wanaagiza diski ya kipenyo hicho, basi. Lakini diski inapaswa kumwaga kiasi cha mvuke kinachoweza kuingia siku mambo yanapoharibika, na kiasi hicho hukijui mpaka ujiulize ni kitu gani kitaharibika.

Kwenye sufuria letu mvuke unatoka boila kwa bar 7 za geji, unapita vali ya kupunguza presha, unaingia kwenye koti kwa bar 3. Koti limeandikwa kuwa mwisho wake ni bar 4, yaani kPa 400. Balaa kubwa kuliko yote ni vali ya kupunguza presha kukwama ikiwa wazi kabisa. Hilo hutokea: chembe ya kutu inakaa kwenye kiti chake, au kiwambo kinachanika.

Kiasi kinachopita kwenye vali iliyokwama unakipata kwa namba yake ya Kv, inayoonyesha vali inaweza kupitisha kiasi gani, ambayo mtengenezaji huiandika kwenye karatasi ya vali. Kwa mvuke uliokolea (ulio kwenye joto lilelile la kuchemkia), kanuni rahisi ya upande salama ni hii:

W = 12 × Kv × P

W ni kilo kwa saa, na P ni presha kamili kabla ya vali kwa bar, yaani presha ya geji ukijumlisha presha ya hewa. Vali yetu ina Kv 12. Presha kamili ya boila kwa Arusha ni 7 + 0.86, sawa na 7.86. Hivyo W = 12 × 12 × 7.86 = kilo 1,132 kwa saa. Nikaikuza hadi 1,150.

Kuna makosa mawili ya kuepuka hapa. La kwanza ni kusema "boila yetu ni ya kilo 800 kwa saa, kwa hiyo haiwezi kupita zaidi ya hapo". Kwa muda mfupi inaweza. Maji yaliyomo ndani ya boila yana joto lililohifadhiwa, na presha ikishuka kidogo hujigeuza mvuke yenyewe. Tumia Kv, usitegemee kibao cha boila. La pili ni kusahau bomba la kupitia pembeni. Kama fundi aliweka bomba la kuizunguka vali ya kupunguza presha ili kazi iendelee wakati wa matengenezo, jumlisha na mvuke unaoweza kupita huko.

Hatua ya pili: presha ya kumwagia, na mlima tunaoishi chini yake

Hesabu za mvuke zinatumia presha kamili. Vitabu vingi vimeandikwa na watu wa pwani au wa nchi tambarare, kwa hiyo utaona wanajumlisha kPa 101 bila kufikiri. Jiji la Arusha liko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ina presha ya kama kPa 86. Moshi, kwenye mita 850 hivi, ni kama kPa 91. Mama anayepika maharage Arusha anaijua tofauti hii bila namba, maana maji yake yanachemka kwenye nyuzi 95 tu.

Diski yenyewe haiathiriki. Inahisi tofauti ya presha kati ya ndani na nje, kama geji inavyofanya, kwa hiyo ya kPa 400 itapasuka kwa kPa 400 za geji popote pale. Kinachobadilika ni kiasi cha mvuke unaopita baada ya kupasuka. Chombo kinachotegemea kifaa kimoja huruhusiwa kuzidi presha yake ya mwisho kwa asilimia 10 wakati wa kumwaga, kwa hiyo kwetu:

P1 = 400 × 1.10 + 86 = kPa 526 kamili

Ukitumia 101 utapata 541, na eneo la diski litapungua kwa karibu asilimia 3 kuliko linavyotakiwa. Ni kidogo, lakini kosa linaegemea upande wa hatari. Kadiri presha ya chombo inavyokuwa ndogo, kosa linakuwa kubwa.

Hatua ya tatu: pima bomba kabla ya kuchagua njia

Hapa ndipo kiini cha jambo zima kilipo. Kuna njia tatu za kukokotoa, na hazipo ili uchague unayoipenda. Bomba lako ndilo linalochagua.

Njia ya kwanza ni ya kizigeu cha mtiririko. Unaichukulia diski kama tundu na unatumia kizigeu 0.62. Kanuni za ASME (chama cha wahandisi mitambo cha Marekani) na API 520 (ya taasisi ya petroli ya Marekani) zinairuhusu iwapo mambo haya yote yametimia: diski inamwaga moja kwa moja hewani, iko ndani ya vipenyo 8 vya bomba kutoka kwenye chombo, bomba la kutolea baada yake halizidi vipenyo 5, na mabomba ya kuingilia na kutolea si membamba kuliko diski. Kwa wanaofuata vitabu vya ASME, tangu toleo la 2021 sheria hizi zimekusanywa kwenye Sehemu ya XIII.

Njia ya pili ni ya ukinzani. Unaitumia sharti lolote kati ya hayo likivunjika. Unajumlisha ukinzani wa kila kitu ambacho mvuke unakutana nacho kutoka ndani ya chombo hadi nje, kisha jibu unalizidisha kwa 0.90.

Njia ya tatu ni ya diski iliyo chini ya vali ya usalama. Hapo vali ndiyo inayopima mtiririko. Unaikokotoa vali, kisha unaipunguzia uwezo kwa 0.90 kama vali na diski hiyo hazijapimwa na kuthibitishwa pamoja.

Chukua futi kamba. Diski ya sufuria letu ilikuwa ya DN32, ambayo dukani tunaiita inchi moja na robo, kwa sababu tundu la koti lilikuwa la ukubwa huo. Kipenyo cha ndani ni milimita 35. Vipenyo 8 ni sentimita 28, na vipenyo 5 ni sentimita 17 na nusu. Upande wa chombo kulikuwa na nusu mita ya bomba. Upande wa kutolea kulikuwa na mita 6 na kona tatu, hadi juu ya paa, kwa sababu hakuna mwenye akili anayemwagia mvuke ndani ya chumba chenye watu. Sijawahi kukuta ndani ya jengo la kiwanda, Arusha wala Moshi, diski ya mvuke yenye bomba la kutolea la sentimita 17. Kwa hiyo njia ya kwanza, ambayo ndiyo rahisi na ndiyo wengi wanaifahamu, mara nyingi haituhusu kabisa.

Njia ya kwanza kwa namba

Hata hivyo tuikokotoe, ili uone inavyodanganya ukiitumia pasipo pake. Kanuni ya Napier kwa vipimo vya metriki:

A = 190.5 × W ÷ (P1 × Kd × Kc × KN × KSH)

A ni eneo kwa milimita za mraba, W ni kilo kwa saa, P1 ni kPa kamili. Kd ni kile kizigeu cha mtiririko, 0.62. KN ni 1 mpaka presha ifike zaidi ya kPa 10,300, kwa hiyo kwetu isahau. KSH ni 1 kwa mvuke uliokolea, ila mvuke uliopashwa zaidi ya hapo una jedwali lake. Kc ni 1 kama diski iko peke yake.

A = 190.5 × 1,150 ÷ (526 × 0.62) = milimita za mraba 672

Hilo ni tundu la milimita 29.2. Bomba la DN25 lina eneo la kama 557, halitoshi. DN32 lina 965, linatosha na kubaki. Kwa njia hii DN32 ingemwaga kilo 1,652 kwa saa, asilimia 44 zaidi ya tunachohitaji. Fundi aliyepima tundu tu angefurahi, na mhandisi aliyekokotoa kwa njia hii angesaini.

Tahadhari ndogo: eneo la kulinganisha ni lile la wazi baada ya diski kupasuka, ambalo mtengenezaji hulitaja, na mara nyingine ni dogo kuliko eneo la bomba. Na bomba lenyewe lipime kwa kaliper. Mabomba ya dukani yana madaraja tofauti ya unene, na inchi moja na robo ya duka hili si lazima iwe sawa na ya duka lile.

Njia ya pili: mahali ambapo ukweli unaonekana

Kila kitu kwenye njia ya mvuke kina namba yake ya ukinzani, K. Kwa DN32 yetu:

Mvuke kuingia kwenye tundu lenye kingo kali: 0.5
Bomba, jumla mita 6.5 (msuguano 0.022 × 6.5 ÷ 0.035): 4.08
Diski: 2.4
Kona tatu: 1.98
Kutoka hewani: 1.0

Jumla ni 9.96. Hiyo 2.4 ya diski hutumika unapokuwa huna namba iliyothibitishwa ya aina unayonunua. Watengenezaji wazuri huipima na kuiandika, moja ya gesi na mvuke, nyingine ya kimiminika, na diski nyingi za siku hizi hazifiki hata 1. Iombe wakati wa kuagiza.

Sasa mtiririko:

W = 3,600 × Y × A × √(2 × ΔP × ρ ÷ K)

Hapa A ni mita za mraba, ΔP ni paskali, na ρ ni densiti ya mvuke ndani ya chombo, ambayo kwa kPa 526 ni kilo 2.8 kwa mita ya ujazo. Y ni kizigeu cha kutanuka: mvuke unapanuka kadiri unavyosafiri bombani, na kizigeu hiki kinalisahihisha hilo.

ΔP ndiyo inayowapoteza watu. Utadhani ni 526 kutoa 86, yaani 440. Lakini mvuke ukifikia kasi ya sauti mwishoni mwa bomba unakabwa. Hata ukiishusha presha ya nje, hautapita zaidi. Kwa hiyo ΔP ina ukomo wake, na ukomo huo unategemea K. Kwa mvuke, majedwali yanasema:

K 6: ΔP haizidi 0.722 ya P1, Y ni 0.685
K 8: ΔP haizidi 0.750 ya P1, Y ni 0.698
K 10: ΔP haizidi 0.773 ya P1, Y ni 0.705

K yetu ni karibu 10, hivyo ΔP ni 0.773 × 526, sawa na kPa 407. Ukiweka namba zote unapata kilo 1,171 kwa saa. Zidisha kwa 0.90: kilo 1,054.

Tunahitaji 1,150.

Diski ileile na tundu lilelile, iliyoonekana kuwa na ziada ya asilimia 44, imepungukiwa. Siku ambayo vali ya kupunguza presha ingekwama wazi, diski ingepasuka sawasawa na presha kwenye koti ingeendelea kupanda juu ya kiwango kinachoruhusiwa, huku kila mtu akiamini kinga imefanya kazi. Angalia tena ile orodha ya K. Diski inachangia 2.4 kati ya 9.96, kama robo. Bomba na kona ni zaidi ya nusu. Nilijaribu kukokotoa nikiweka diski nzuri sana yenye K ya 0.5 badala ya 2.4, bomba likabaki vilevile. Nilipata kilo 1,143, bado haifiki. Pesa yote ya kununua diski bora ingeishia kwenye kona tatu za bomba.

Hivyo unapokuta diski haitoshi, usikimbilie diski. Cheza na bomba kwanza. Kwa sufuria letu nilikokotoa njia tatu za kutokea.

Kufupisha. Bomba likitokezwa ukutani, jumla mita 2.5 na kona moja, K inashuka hadi 6.13 na uwezo unapanda hadi kilo 1,264. Inatosha. Lakini nje ya ukuta ule ndipo akina mama wanapopita na kreti za maembe, kwa hiyo nililikataa bila kulifikiria mara mbili.

Kukuza kila kitu hadi DN40, inchi moja na nusu, kwa njia ileile ya mita 6.5 na kona tatu. K ni 9.13, uwezo kilo 1,482. Inatosha vizuri. Ila inataka tundu jipya kwenye koti, yaani kuchomelea chombo cha presha. Kazi hiyo inahitaji mchomeleaji mwenye cheti cha kazi hiyo, jaribio la maji, na mkaguzi ashuhudie.

Kuiacha diski ya DN32 na kukuza bomba la kutolea peke yake hadi DN50, inchi mbili. Hii inakokotolewa sehemu kwa sehemu, kwa sababu ukinzani wa bomba pana lazima ubadilishwe uendane na eneo la bomba jembamba, kisha uhakikishe mvuke haukabwi pale unapotoka kwenye bomba jembamba kuingia kwenye pana. Nilipata takriban kilo 1,400 kwa saa baada ya ile 0.90. Hakuna kuchomelea chombo. Ndiyo tuliyoichagua.

Njia ya tatu: diski chini ya vali

Hii niliipendekeza kwa sufuria lingine la hapohapo, linalopika jemu, ambapo mvuke wa chakula unaigusa vali na sukari inaigandisha. Diski inakaa chini, vali juu yake inabaki safi, na siku diski ikipasuka vali inamwaga kisha inafunga. Uzalishaji haufi kabisa.

Kwa mfano huohuo wa kilo 1,150, ukiwa na vali yenye kizigeu 0.975 kwa hesabu ya awali:

A = 190.5 × 1,150 ÷ (526 × 0.975 × 0.90) = milimita za mraba 475

Kwenye saizi za API za tundu la vali, herufi G ina 325, herufi H ina 506. Unachukua H. Ukiagiza, rudia hesabu kwa kizigeu kilichothibitishwa cha vali unayonunua, na usitumie kile cha awali.

Usifanye hivi kabla ya kutimiza masharti manne. Kipenyo cha diski kisiwe kidogo kuliko cha mlango wa vali. Isiwe ya kumwaga vipande, kwa hiyo grafiti haifai hapa, maana kipande kimoja kikikaa kwenye kiti cha vali umekwisha. Upotevu wa presha kutoka chombo hadi vali, diski ikiwemo, usizidi asilimia 3 ya presha ya kufungukia. Kwa kPa 400 hiyo ni kPa 12 tu. La nne ndilo linalosahaulika kuliko yote: nafasi kati ya diski na vali iwe na geji na koki ya kutolea. Diski ikitoboka kitundu kidogo, mvuke unajaa katikati taratibu, na presha ya pande zote mbili inalingana. Diski inapasuka kwa tofauti ya presha, na tofauti haipo tena. Chombo kinaweza kupanda mara mbili ya presha yake na diski ikatulia. Geji ile ikionyesha chochote juu ya sifuri, simamisha chombo.

Kwa nini ile diski ilikuwa inapasuka ovyo

Ukubwa ukishapatikana, bado hujamaliza kuagiza. Diski ya mwanzo ya sufuria letu iliandikwa kPa 400 na chombo kilifanya kazi kwa 300, yaani asilimia 75. Ilikuwa ya aina ya kawaida ya kubinuka nje, isiyo na mikato, na aina hiyo haipaswi kubebeshwa zaidi ya asilimia 70 hivi. Ikibebeshwa zaidi inachoka, inanyooka kidogo kila siku, kisha inapasuka kabla ya wakati wake. Aina zenye mikato hufika asilimia 80 au zaidi, na zile ambazo kibinuko chake kinatazamana na presha hufika 90. Kumbuka pia kuwa kwa presha zinazozidi kPa 276, diski ina ruhusa ya kupasuka asilimia 5 juu au chini ya namba yake, kwa hiyo ya 400 inaweza kwenda ikiwa 380.

Kulikuwa na sababu ya pili. Jioni wakifunga mvuke, uliobaki kwenye koti hugeuka maji na kuacha ombwe. Diski isiyo na ustahimilivu wa ombwe hunyonywa ndani usiku, husukumwa nje asubuhi, na kwa namna hiyo haimalizi mwezi.

Joto nalo liandike kwenye oda. Mvuke wa kPa 526 kamili una nyuzi kama 154. Diski ya chuma cha pua iliyopimwa kwa joto la kawaida la chumba itapasuka chini ya namba yake ikishapata joto hilo. Mtajie muuzaji joto la diski lenyewe, presha ya kazi, presha ya kupasukia, kwamba kuna ombwe, kwamba ni mvuke, na kama iko peke yake au chini ya vali. Asiyekuuliza mambo hayo anakuuzia chuma tu.

Kufunga

Tazama mshale kwenye kibao, kisha utazame tena. Diski inayotazamana na presha ikigeuzwa inaweza kukataa kupasuka hadi presha ipite sana namba yake. Usiiguse uso wake kwa vidole wala kwa bisibisi. Mkwaruzo mmoja unabadilisha presha ya kupasukia. Kaza bolti kwa spana ya kupimia nguvu, kwa msalaba, kwa namba aliyotoa mtengenezaji wa kishikizo.

Bomba la kutolea lishikwe imara. Kwa mvuke wa kiasi tunachozungumzia, msukumo mwishoni mwa bomba unazidi nyutoni 200 na unakuja kwa kishindo, mara moja. Bomba lililofungwa kwa waya kwenye kenchi litang'oka. Sehemu ya chini kabisa ya bomba iwe na tundu dogo la kutolea maji, kwa sababu mvua za masika zitaingia, na maji yakitulia juu ya diski yanaongeza uzito, yanaleta kutu, na siku ya tukio yanarushwa kama risasi.

Nakala ya hesabu, kibao cha diski na karatasi ya Kv ya vali ziwekwe kwenye faili moja. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwenye kiwanda avilinde vyombo vya presha na kuvikaguza, na mkaguzi wa OSHA akija atauliza diski ilichaguliwa kwa msingi gani. "Ilikuwa saizi ya tundu" si jibu.

Sufuria la maembe sasa lina diski ya DN32 inayotazamana na presha, ya kPa 400 kwa nyuzi 154, yenye ustahimilivu wa ombwe, na bomba la inchi mbili hadi juu ya paa. Kwenye kishikizo kuna waya mwembamba unaokatika diski ikipasuka na kupiga kengele chumba cha boila, kwa sababu baada ya kupasuka mvuke hauachi kuja mpaka mtu aufunge. Yule kijana amepaka rangi nyekundu vali ya kufungia, na ameandika juu yake kwa mkono: KENGELE IKILIA, FUNGA HII KWANZA. Diski mbili za akiba ziko stoo, ndani ya maboksi yake, ili asitokee tena mtu wa kutafuta kipande cha chuma.